Tumbo Lililokataa Chakula cha Mama Mkwe

Nianze na jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu: unaweza kuumwa kuanzia shingo mpaka nyayo, na vipimo vyote vikarudi safi. Usafi huo haukuponyi. Unakunyang'anya tu ushahidi. Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, karatasi mkononi inasema huna tatizo na huku kiuno kinawaka moto, basi nimekuandikia wewe. Walio wazima wasome pia, wapunguze maneno.

Ugonjwa wenyewe unaitwa fibromayalgia. Nilichelewa kulijua jina hilo, na kabla sijalijua nilikaribia kupoteza nyumba yangu. Sisemi nyumba ya matofali, maana tulikuwa tunaishi kambi ya polisi na nyumba ni ya serikali. Nasema ndoa.

Mimi ni Mkenya wa Bungoma. Nilikuja Kampala kufanya kazi katika duka la kuchapa na kujalidi pale Wandegeya, ambako wanafunzi wa chuo kikuu huja mbio na tasnifu zao siku ya mwisho kabisa, jasho likiwatoka, kana kwamba sisi ndio tuliowachelewesha. Nikaolewa na Drani, askari polisi kutoka Arua. Yeye Mlugbara, mimi Mbukusu, Kiganda chetu sote ni cha sokoni, kwa hiyo nyumbani tunaongea Kiswahili. Chake ni cha kambini, changu ni cha shule, na binti yetu Grace anatucheka wote wawili.

Ilianza msimu wa nsenene, wale panzi ambao mvua za Novemba zikishika, Kampala nzima huwakaanga. Nalongo, mwenye duka letu, alinunua mfuko mzima tukae tuwanyonyoe mabawa wakati hakuna wateja. Ni kazi ya vidole, ya kupiga soga. Vidole vyangu vilikataa. Kila bawa nililovuta niliona kama navuta ukucha wangu mwenyewe. Nikasema ni baridi. Wiki ile ile mabega yakaanza, kisha nyonga, kisha magoti, na asubuhi nikawa naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Tumbo lilifuata nyuma, au pengine lilikuwapo muda mrefu nami nikalidharau. Asubuhi sketi ilifunga, mchana haikufunga. Wiki moja naharisha, wiki inayofuata choo hakipatikani kabisa, na tumbo limekaza kama ngoma. Choo cha kambi ni cha wote na foleni yake haina siri. Wanawake wenzangu walihesabu safari zangu, wakatazama lile tumbo la jioni, wakaja na hongera zao.

"Mama Grace, huyu sasa ni kijana," mmoja aliniambia akinipapasa tumbo bila kuomba ruhusa. "Iko juu sana. Msichana inakaa chini."

Nilicheka naye. Ningefanya nini? Mtoto wa pili tulikuwa tumemtafuta na hajapatikana. Nikaingia ndani nikalia, kisha nikaosha uso nikapika.

Kampala ukisema mwili unauma, unapimwa malaria. Ukisema tumbo, unapimwa taifodi. Nilimeza dawa za yote mawili na sidhani kama nilikuwa na hata moja. Nikahamia hospitali kubwa, kwenye mabenchi yale marefu ambayo watu wanasogea kwa makalio, kila anayeitwa mnajongea nafasi moja. Kwa mtu mwenye nyonga zinazouma, kujongea huko ni adhabu. Nilijifunza kukaa pembeni, nusu ya mwili hewani. Nilijifunza kutokunywa chai kabla ya kwenda, na kuchunguza choo kiko upande gani kabla sijachunguza daktari yuko chumba gani.

Walinipitisha mrija wenye kamera kooni mpaka tumboni. Yule aliyenipima alifurahi sana kuniambia hajaona kidonda chochote. "Tumbo yako nzuri, nyabo. Nenda upumzike." Nyabo ni heshima, ndivyo Kampala wanavyomwita mama. Nilitoka pale na heshima yangu, nikakaa kwenye ngazi, nikalia kwa uchungu. Nilikuwa nimeomba Mungu waone kitu. Ukifika mahali pa kuomba upatikane na kidonda, maji yamekufika shingoni.

Nalongo hakukubaliana na ile kamera. "Hiyo ni alsa," alisema kwa Kiswahili chake kinachobadilishana r na l, akimaanisha vidonda vya tumbo, ambavyo Kampala kila mtu anavyo au anamjua anayevyo. "Kamera zao hazioni vizuri. Na hiyo ya mwiri ni kazi nyingi. Hizo ni mbili tofauti, usichanganye habali."

Hata mimi sikuzichanganya. Maumivu ya mwili niliyapeleka duka la dawa, nikapewa vidonge vya maumivu, vile vya nguvu, nikavimeza kama njugu. Tumbo nililipeleka kwingine, nikapewa dawa nyeupe ya maji. Vidonge vilichoma tumbo. Tumbo likikoroga halikuniacha nilale. Nisipolala, kesho yake hata shati liliniumiza mabegani. Basi nameza vidonge zaidi. Nilizunguka hivyo mpaka mvua za Machi zikanikuta.

Drani si mtu mbaya. Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea. Ila ni polisi, na polisi anataka kielelezo. "Hospitali mbili zimesema huna kitu," alisema siku moja nilipomwomba afue nguo. "Mimi nifanye nini? Mimi nafanya kazi na ushahidi."

"Ushahidi ni mimi," nikamwambia. "Ninaumwa."

Akafua. Lakini alianika nguo bila kunitazama.

Hapo ndipo mama yake alipokuja kutoka Arua. Alikuwa na mtoto wa jicho, kapewa nafasi ya kufanyiwa upasuaji Kampala, na ilikuwa apone akiwa kwetu. Mama ni Mwislamu. Drani alibatizwa akiwa shule ya misheni na mama hakumfukuza, alisema tu kwamba Mungu ana masikio mawili. Nilimpenda kwa ajili ya neno hilo. Aliingia na kapu la vitu vya kwao: unga wa muhogo, samaki wakavu, simsim iliyosagwa, yaani ufuta. Ilikuwa Ramadhani. Jioni adhana ilipotoka msikiti mkubwa wa Old Kampala, redio ya jirani ikaipokea, na Mama alifungua mfungo kwa chakula alichokipika mwenyewe, jicho moja likiwa na ukungu, akikataa kabisa nimsaidie.

Ugali wa muhogo, samaki kwenye simsim, kunde pembeni. Chakula kizuri. Nisingeweza kukila. Siku mbili kabla nilikuwa nimejaribu vijiko vichache vya kunde nikalala nimejikunja. Nikasema, "Asante, Mama, nimeshiba." Kesho yake nikasema nina kiungulia. Kesho kutwa nikasema nitakula baadaye.

Jioni moja Mama alijisogeza mkekani karibu yangu. Akamega tonge kutoka sahani yangu, si yake, akachovya, akala polepole huku ananitazama. Akamega la pili. Kisha akaisukuma sahani kwangu.

Kwetu, mama huonja uji wa mtoto asije akaungua. Nilidhani ni hilo, ananibembeleza. Moyo ukanilainika. Nikatabasamu, nikairudisha sahani mbele yake, nikasema, "Kula tu, Mama. Malizia wewe."

Drani aliacha kutafuna. Mama alinawa mikono, akavuta mkeka wake, akaanza kusali. Nilikaa pale nikiwa na tabasamu langu la kijinga, nikijua nimevunja kitu, ila sijui ni kipi.

Asubuhi, Drani akiwa anafunga kamba za viatu vya kazi, ndipo aliponieleza. Upande wa kwao sumu inaogopwa kuliko bunduki. Mtu akikataa chakula chako mara moja, ana sababu zake. Akikataa tena na tena, anasema kitu. Mpishi anayejua hana hatia anaonja kutoka sahani ya mgeni, mbele ya watu, ajisafishe. Mama yangu mkwe, mtu mzima, amejisafisha mbele ya mtoto wake na mjukuu wake. Nami nikamwambia amalizie.

"Umemwambia: kula yote tuone kama utakufa," Drani alisema.

"Sikusema hivyo! Drani, mimi siwezi hata kula chakula changu mwenyewe."

"Najua ulivyosema. Nakuambia alivyosikia." Akasimama. "Akimaliza mambo ya jicho anarudi. Kabla hajapanda basi, utakula chakula ya mkono wake, sahani nzima. Usipokula, Arua watauliza na yeye atajibu. Hawatakubali ukanyage ile boma tena. Na mimi siwezi kukaa na bibi ambaye haingii kwetu. Siwezi, Mama Grace."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Nilibaki nimeshika mlango. Niliogopa ugonjwa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Maumivu nilikuwa nimeyazoea, lakini sikuwa nimefikiri kwamba yanaweza kunitoa kwa mume wangu, Grace abaki katikati.

Mama hakuongea nami tena ila salamu. Alifanyiwa upasuaji, jicho likafungwa bandeji, na Drani ndiye aliyempeleka na kumrudisha. Siku ya kwenda kuangaliwa jicho, Drani alipangiwa zamu ya ghafla nje ya mji. Hapakuwa na mwingine. Nikaomba ruhusa kwa Nalongo, nikamshika Mama mkono tukaenda.

Tulikaa kwenye benchi la kliniki ya macho. Yeye anajongea, mimi najongea. Sikuwa nimelala, mgongo ulikuwa umekufa ganzi, na asubuhi nilikuwa nimekula sahani nusu ya kunde zake jikoni, peke yangu, nikijizoeza kwa ile siku ya basi. Tumbo likanigeuka pale pale. Nilisimama, miguu ikagoma. Nikashika ukuta. Jasho likanitoka na nikajua sitafika.

Ni Mama aliyenifikisha. Mwanamke mwenye jicho moja lililofungwa, asiyejua pale pakoje, alinikamata kiunoni akaanza kuwasukuma watu. "Toka! Toka njia! Mtoto yangu mgonjwa!" Hatukuwahi vizuri. Sitaficha, maana na wewe unayesoma labda yamekukuta na unadhani ni wewe tu duniani. Nilijichafua. Nilijikunja kwenye sakafu ya choo cha hospitali, nguo zimeharibika, nikamwomba Mama atoke asinione.

"Mimi nimezaa, nimeosha maiti," alisema, akifungua bomba. "Leo wewe utanifundisha mavi?"

Akanivua, akaniosha, akanifunga kwa kitenge chake cha juu. Aliponishika bega kuniinua nilipiga yowe. Alinishika taratibu tu. Akasita. Akanigusa tena kwa ncha ya kidole, bega la pili, nikaruka. Alinitazama kwa lile jicho lake moja.

"Hii si uoga ya sumu," alisema. "Mtu anaogopa sumu hakuwi hivi. Mbona hukuniambia?"

"Nilisema ninaumwa, Mama."

"Ulisema umeshiba."

Na kweli, ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mkwe hamlalamikii mama mkwe matumbo yake. Nikaanza kulia, si kilio cha adabu, kile cha kukoroma, na yeye akanikalia pembeni kwenye ile sakafu yenye maji.

Jicho lake lilipomalizwa kuangaliwa hakukubali turudi nyumbani. Alimng'ang'ania muuguzi mpaka tukaelekezwa jengo la pili, kwa daktari wa magonjwa ya viungo, mwanamke mwembamba aliyekulia kambi ya jeshi, baba yake akiwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho. Tuliketi mpaka watu wakaisha. Nilianza kueleza mabega, kama nilivyozoea, mwili tu. Mama akanikatiza.

"Daktari, huyu hasemi yote. Usiku halali, anatembea kama mlinzi. Asubuhi hawezi fungua chupa. Akila tumbo inajaa, anakimbia choo. Siku tumbo iko mbaya, kesho mifupa iko mbaya zaidi. Mimi nimeona. Niko na jicho moja lakini nimeona."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakuna mtu aliyewahi kuyasema yote mawili katika chumba kimoja. Alinibonyeza shingoni, mabegani, viwiko, nyonga, magoti, na kila alipobonyeza nilipiga kelele, mpaka Mama akampiga kofi mkononi akasema, "Basi! Si umesikia?" Yule daktari akacheka. Aliuliza kama choo kina damu, kama nguo zinanipwaya, akarudia vipimo kadhaa vya damu ili awe na uhakika hakuna kingine kilichojificha. Majibu yalipotoka wiki iliyofuata tulikwenda tena wote wawili.

"Si magonjwa mawili yamekuvamia," alisema. "Mwili yako iko na askari mmoja wa mlango. Huyo askari amekuwa mkali kupita kiasi. Mtu wa nyumba akiingia, anapiga. Mgeni akiingia, anapiga. Ukiguswa bega, anapiga. Chakula ikipita tumbo, anapiga. Wengi wenye maumivu kama yako wako na tumbo kama yako. Wewe si muongo."

Maelezo mengine sikuyashika. Ile sentensi ya mwisho niliishika, na bado ninayo. Aliutaja pia ugonjwa kwa jina, fibromayalgia, akasema hautaisha, ila unaweza kupunguzwa ukali. Aliniachisha vile vidonge vya maumivu, akanipa kidonge kidogo cha kumeza jioni kabla ya kulala, na kunitaka nitembee kila siku hata kama ni kuzunguka kambi tu.

Drani aliporudi kutoka zamu, Mama alimsubiri mlangoni. "Bibi yako mgonjwa," alimwambia. "Kila siku mnalala kitanda moja. Wewe polisi gani?" Drani aliingia ndani akakaa kitandani karibu nami bila kuvua viatu. Alisema pole. Ilimchukua muda mrefu kulisema, na mimi ilinichukua muda mrefu zaidi kulipokea. Hasira ilikuwa bado ipo. Kwa miezi nililala nimempa mgongo, na siyo kwa sababu ya maumivu peke yake.

Usidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Mvua zikikaribia, viungo vinajua kabla ya mawingu. Wiki za tasnifu, wanafunzi wakijaa dukani, tumbo hukaza hata kama nimekula wali mtupu. Kile kikatio kikubwa cha karatasi siwezi tena kukivuta. Nalongo alinung'unika, akanihamishia kwenye kuchapa, na bado ananiambia ni alsa. Kuna asubuhi Grace anataka kunirukia kabla ya shule, nami namwambia asubiri, na uso wake unavyobadilika unaniuma kuliko nyonga. Kunde, kabichi na maziwa nimeviaga. Simsim naijaribu kijiko kimoja, siku nikiwa nimelala vizuri. Chakula kilichomfaa mwenzangu mmoja tuliyekutana naye kliniki, mimi kilinilaza. Kwa hiyo sikupangii cha kula. Nakuomba tu uyaseme ya mwili na ya tumbo kwa mtu mmoja, siku moja, hata kama unaona aibu, na uende na mtu anayekuona ukiwa nyumbani. Ukiona damu chooni, usingoje mtu.

Msimu wa kiangazi uliofuata, mdogo wake Drani alioa, na tukasafiri Arua. Njia nzima nilikaa nimeshika tumbo. Nilijua kule hadithi ya ile sahani imefika kabla yangu, maana hadithi hazingoji basi. Boma lilijaa. Wanawake walinisalimu vizuri, kisha wakanyamaza nilipopita. Chakula kilipotoka, shangazi yake Drani, ambaye ndiye aliyekuwa anagawa, alinijazia sahani mpaka ukingoni, akaiweka mbele yangu, akasimama pale pale. Hakwenda kwa mwingine. Na wengine wakaacha kula.

Siku ile mwili ulikuwa mbaya. Niliitazama ile sahani, nikamtazama Drani upande wa wanaume, amesimama nusu, hajui aje au akae. Nikaona bora nile, liwe liwalo. Nikanyoosha mkono.

Mama alifika kabla mkono haujafika. Aliichukua sahani, akamrudishia shangazi mikononi mbele ya ukoo wote. Alisema kwa Kilugbara kwanza, maneno machache, na watu wakatazama chini. Kisha akarudia kwa Kiswahili ili na mimi nisikie.

"Huyu hakukataa chakula yangu. Ni mimi nimemkataza. Mtu iko na neno, alete kwangu. Na nyinyi mpeni uji."

Uji ukaletwa. Mwili ulikuwa unauma vilevile. Nilikunywa wote.